Unix kwenye XT ya 640 KB: watu watatu kompyuta moja, hapahapa Mbeya

Kila nikiweka picha ya ile XT yangu, kompyuta ya miaka ya themanini, kwenye status watu wanakuja na swali lilelile, we jamaa unafanya nini na hilo dude, hata simu ya tochi inalishinda nguvu. Haya, leo najibu kwa kirefu, mwenye haraka apite tu hamna ugomvi. Kwa kifupi nilitaka kujua kama kompyuta moja ya kawaida ya miaka ya themanini ingeweza kuhudumia ofisi, watu watatu kwa mpigo, kila mtu na kazi yake. Inaweza. Na tangu nimeona kwa macho yangu kwamba inaweza, kuna kitu kinaniudhi kuhusu namna kompyuta zilivyotumika huku kwetu miaka ile, nitafika huko.

Mashine yenyewe ni XT, siyo IBM halisi, ni zile kopi za Taiwan ambazo zilizagaa kuliko zenyewe. Prosesa 8088 ya 4.77 MHz, memori 640 KB, diski ya Seagate ST-225 ya MB 20, skrini ya kijani. Niliipata kwa mzee mmoja Tukuyu, alikuwa mhasibu kwenye mashamba ya chai, ofisi ilivyouza vitu vyake chakavu yeye akaondoka nayo. Ilikuwa stoo, juu ya meza, imefunikwa na kitambaa cha kufuma ambacho mama wa pale nyumbani kwa mzee alikitengeneza kwa ajili yake maalumu, na mnajua unyevu wa Tukuyu, mvua inanyesha kama haina kwao, lakini chini ya kile kitambaa chuma hakijashika kutu hata kidogo. Nikamuuliza, shikamoo mzee, hii kitu bado inawaka? Marahaba, inawaka kijana wangu, ila mwezi wa sita asubuhi itakugomea, usiipige, iwashie balbu pembeni usubiri.

Nikajua mzee ananitania. Kumbe wapi. Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai asubuhi ukitoka nje pumzi inaonekana, na ile ST-225 ikipoa namna hiyo haizunguki. Unasikia inajaribu, mlio mdogo wa "nn, nn", basi. Zile diski za zamani zina tatizo hilo linajulikana dunia nzima, grisi ya kwenye beringi inakuwa nzito na vichwa vinanata kwenye sahani. Balbu ya kawaida karibu na kasha, unaenda kunywa chai, unarudi inawaka vizuri na ule mlio wake wa kutembeza vichwa tak-tak-tak ambao ukiusikia mara moja huusahau. Ndani nilikuta DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, na mishahara ya vibarua wa chai ya miaka hiyo, nikamkopia mzee mafaili yake yote, na diski nikaipumzisha. Sa hivi mashine inatumia kadi ya CF (kadi ya kuhifadhia data, kama zile za kamera) kupitia kadi ya XT-IDE, niliagiza nje, ilikaa njiani mpaka nikaisahau.

Sasa Unix, yaani mfumo endeshi unaohudumia watu wengi kwa pamoja kwenye mashine moja. Watu wengi wanadhani Unix ni kitu cha mashine kubwa na hizi kompyuta ndogo hazikuiweza. Hebu angalia namba. Unix ilizaliwa mwaka 1969 Bell Labs Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie, kwenye kompyuta iitwayo PDP-7 ambayo hata wakati huo ilikuwa imeshachoka. Ikahamia PDP-11/20, na ile mashine iliyotumika kuandikia mafaili ya idara ya hataza (haki za uvumbuzi) pale kwao mwaka 1971 ilikuwa na memori KB 24. Siyo MB jamani, KB. Kumi na sita za mfumo wenyewe, nane za programu za watu. Diski KB 512. Na wahudumu walikuwa wanachapa nyaraka zao humo huku wenzao wanaandika programu. XT ya mzee ina memori zaidi ya mara ishirini na tano ya ile. Kwa hiyo mtu akiniambia XT haina nguvu ya Unix namuuliza nguvu ipi.

Na kweli watu waliiweka. IBM walitoa PC mwaka 1981 na XT mwaka 1983, na hiyo XT ndo ilikuja na diski ngumu ya MB 10, bila diski ngumu Unix ni mateso. Kulikuwa na Venix, kulikuwa na PC/IX ambayo IBM wenyewe waliiuza mwaka 1984, kulikuwa na Xenix. Hiyo Xenix ni ya Microsoft, ndiyo, Microsoft hawahawa, walichukua leseni kwa wenye Unix, kampuni ya AT&T na hawakuruhusiwa kutumia jina la Unix ndo wakaiita hivyo. Kampuni ya Tandy ilikuwa inauza TRS-80 Model 16 yenye Xenix kwa maduka na ofisi ndogo Marekani, unachomeka terminali (skrini na kibodi tu) za ziada pembeni, karani huyu na karani yule wote wapo ndani ya mashine moja. Miaka hiyohiyo ya themanini. Kumbuka hilo.

Mimi nimeweka Minix. Sababu ya kwanza ni kwamba ni halali, toka mwaka 2000 iliachiwa huru kabisa unaishusha intaneti hakuna wa kukuuliza. Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, aliiandika mwaka 1987 kwa sababu AT&T walikataza sosi kodi ya Unix toleo la 7 kufundishiwa darasani, akaona isiwe shida, akaandika ya kwake kutoka mwanzo inayofanana nayo kwa tabia, inayoingia kwenye PC ya flopi. Linus Torvalds naye alinunua 386 yake mwanzoni mwa 1991, akaweka Minix, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshatangaza Linux, ambayo ndo msingi wa Android. Kwa hiyo hiyo simu yako ya Android ina ujomba na hili dude langu la skrini ya kijani, usilicheke.

Mimi naitumia ile ya toleo la 2 la biti 16. Niliiandaa kwenye laptop ndani ya emyuleta (programu inayoiga mashine nyingine), maana keneli (kiini cha mfumo) inayokuja haijawashiwa poti za siriali (matundu ya kuunganishia terminali), lazima ubadilishe mstari mmoja kwenye faili la mipangilio uikompaili upya (kuigeuza kodi iwe lugha ya mashine), na kukompaili keneli kwenye 8088 yenyewe ni kazi ya kuiacha usiku ukalale. Nikaimwaga kwenye CF, nikaichomeka, ikabuti. Mara ya kwanza kuona neno login kwenye ile skrini ya kijani nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini, nikamwambia hamna kitu ni mpira.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo mimi ndo imenipendeza kuliko zote, na vijana wawili wa chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya walikuja jumamosi moja tukaichimba mpaka giza. 8088 haina ulinzi wa memori. Kwenye kompyuta yako ya sasa kila programu ina eneo lake na prosesa yenyewe inasimama getini, ukigusa kisicho chako unauawa hapohapo. 8088 hamna kitu kama hicho, ilikuja baadaye na 286 halafu ikakamilika vizuri na 386 mwaka 1985. XT ikiendesha Unix ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi ambavyo havina milango, watu wanaishi kwa heshima tu.

Lakini kuna ujanja. 8088 inahesabu memori kwa segimenti, kila segimenti KB 64, na programu inajua tu iko umbali gani kutoka mwanzo wa segimenti yake, haijui segimenti yenyewe iko wapi. Kwa hiyo keneli inaweza kuipakia programu mahali popote penye nafasi, ikabadilisha rejista ya segimenti (kijisanduku ndani ya prosesa kinachosema segimenti inaanzia wapi), na programu ikaendelea na maisha bila kujua kama ipo chini au juu. Hii ndo inafanya fork iwezekane. Unix inazaa programu mpya kwa kuinakili iliyopo nzima nzima, na bila ule ujanja wa segimenti nakala ingekuwa na anwani zote za mama yake, ingeharibika palepale. Ukubwa wa programu unapangwa kabla haijaanza, kuna amri inaitwa chmem, unaiambia programu hii ipewe nafasi kiasi hiki basi, ikizidi imekwisha, haiwezi kuongezewa katikati ya safari. Ukiipa kubwa mno unakula nafasi ya wenzako. Memori ikijaa hii Minix yangu haihamishii hata programu kwenye diski kwa muda, inakuambia tu haiwezekani. Venix na PC/IX zilikuwa zinahamisha.

Ile jumamosi kijana mmoja wa MUST akasema ngoja nione hizo heshima zinafika wapi. Akaandika programu fupi ya C yenye safu ya namba mia, halafu akaandika sifuri kupita mwisho wa safu, anapanda tu juu anapanda. Mimi nilikuwa nasubiri mashine nzima ianguke. Wapi. Programu yake ikamaliza salama, ikarudisha alama ya amri kama vile hakuna kilichotokea, yeye anaangalia skrini ameduwaa, halafu kutoka meza ya pembeni mpwa wangu ambaye alikuwa anaandika insha ya shule kwenye terminali ya pili akasema, mjomba, maneno yangu yamepotea. Kimya. Halafu tukacheka mpaka basi (insha alikuwa ameshaisevu, msiniite mkatili). Kilichotokea ni kwamba pointa (anwani ya mahali kwenye memori) ya biti 16 haiwezi kutoka nje ya KB 64 za segimenti yake, ila programu ya yule kijana ilikuwa imepewa nafasi ndogo kuliko KB 64, na nafasi iliyobaki hapo juu alikuwa amekaa mpwa wangu na editor yake. Keneli ipo chini kabisa mwa memori, yeye alikuwa anapanda juu, ndo maana mfumo ulibaki hai na jirani akafa. Dennis Ritchie mwenyewe ameeleza kwamba ile PDP-11/20 ya kwanza nayo haikuwa na ulinzi, kujaribu programu mpya kulihitaji uangalifu na ujasiri maana ungeweza kuwaangusha wote. Unix imekulia kwenye mazingira hayohayo.

Watu wengine wangesema basi haifai. Mimi naona kinyume. Programu za ofisi zile zile za kila siku, zilizokwisha kujaribiwa, hazipandi juu ya jirani. Anayejaribu kodi mpya ajaribu wakati wenzake wameenda kula.

Terminali sasa. XT ina poti mbili za siriali, kwa hiyo ni mtu mmoja kwenye kibodi yake na wengine wawili kwenye waya. Terminali halisi sijapata, natumia laptop mbili mbovu mbovu zenye vidude vya USB kwenda siriali. Waya nimetengeneza mwenyewe, kata kebo ya mtandao, konekta nimezipata Mwanjelwa kwa jamaa anayeuza spea za redio, nikachoma risasi. Hapa niwasaidie wenye nia: upande wa XT ni konekta ya pini 25, upande wa laptop ni ya pini 9, na watu wanahangaika kuvusha waya kwa sababu kila mahali wanasoma kwamba lazima uvushe. Kwenye pini 25 kutuma ni pini ya 2 na kupokea ni 3, kwenye pini 9 ni kinyume chake, kupokea ni 2 na kutuma ni 3. Kwa hiyo unaunga 2 kwa 2, 3 kwa 3, na ardhi 7 kwa 5, basi, imeshavuka yenyewe. Spidi nimeweka 9600, hiyo ni kama herufi 960 kwa sekunde, skrini nzima ya herufi 2,000 inajaa kwa sekunde mbili hivi. Unaiona ikijichora kutoka juu kwenda chini. Kwa kuandika barua au kujaza orodha ni nyingi sana, hakuna mtu anayeandika herufi 960 kwa sekunde hata yule dada wa stationery ya pale Kabwe.

Watu watatu kwa pamoja, kila mmoja na editor yake, mashine inatembea. Unahisi inapumua kidogo mtu akifungua faili, basi. Wawili wakitumia editor ileile kodi yake inapakiwa mara moja tu, kila mtu anapewa sehemu ya data yake. Ila mmoja akianza kukompaili kitu wengine wanajua, na mara nyingine memori inagoma kabisa. Sitaki kudanganya mtu.

Nilimpigia mzee video akaona mpwa wangu na mimi tumeingia wote kwenye mashine yake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kijana wangu, unajua sisi ilikuwaje? Ile kompyuta ilikuwa na chumba chake, kina pazia, unavua viatu mlangoni, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu. Tarehe za mishahara wahasibu wanapanga foleni na makaratasi yao mkononi, huyu akimaliza anatoka anaingia mwingine, mpaka usiku. Wote walikuwa wanasubiri kibodi moja.

Hiki ndo kinachoniudhi. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na ilichukua muda mrefu mpaka mambo yakaanza kufunguka, kwa hiyo hata zilipoanza kuja zilikuwa za kuhesabu. Mahali ambapo kompyuta ni moja na watu ni wengi, hapo ndo mfumo wa watu wengi ulistahili kuwepo kuliko hata Marekani. Badala yake tukaletewa DOS, mfumo wa mtu mmoja. Na DOS toleo la 2 ya mwaka 1983 iliiga mambo kibao kutoka Unix, folda ndani ya folda, kuelekeza matokeo kwenye faili, bomba la kuunganisha amri mbili, ila bomba lenyewe la bandia: Unix inaziendesha amri zote mbili kwa pamoja moja inamlisha mwenzake, DOS inaendesha ya kwanza mpaka mwisho, inaandika faili la muda kwenye diski, halafu ndo inaanza ya pili. Sura ilichukuliwa, ila ule uwezo wa kushirikiana mashine ndo uliachwa.

Ila nisiwe mtu wa lawama tu, kuna sababu moja ambayo nimeielewa baada ya kukaa na hii mashine, na sijaona mtu akiisema. Umeme. Unix ya enzi zile ukiandika faili haliendi diski saa hiyohiyo, linakaa kwenye bafa ndani ya memori, na kila sekunde thelathini hivi kuna programu inapita kusukuma vyote viende diski. Ndo maana wazee wa Unix wana mazoea ya kuandika sync kabla ya kuzima. Umeme ukikatika katikati, orodha ya mafaili kwenye diski na mafaili yenyewe havikubaliani, ukiwasha lazima fsck ipite kukagua nyumba nzima, na kwenye diski ya MB 20 ya kasi ile unakaa. DOS haina hayo. Ikikurudishia alama yake ya amri ujue vimeshaandikwa, zima tu hata kwa kuchomoa waya ukutani. Kwa nchi ambayo umeme unaondoka bila kuaga, DOS ilikuwa na akili kuliko tunavyoipa sifa. Ukijumlisha na bei, maana DOS ilikopiwa kwa flopi mkono kwa mkono wakati Xenix ilikuwa ghali na nzito na ilitaka mtu wa kuitunza, naelewa kwa nini mambo yalienda vile. Naelewa, ila bado naona UPS moja na waya mbili za siriali zingewatoa wale wahasibu kwenye foleni.

UPS niliyonayo mimi ina betri ya pikipiki, nimeiunga mwenyewe. XT na skrini yake zinakaa humo muda wa kutosha kabisa kuwaambia watu watoke na kuzima kwa amani. Wiki iliyopita umeme ulikatika mpwa wangu akiwa ndani, akaandika sync mwenyewe bila kuambiwa, nikafurahi kweli.

Kinachofuata nataka kuongeza poti. Zamani kulikuwa na kadi za siriali za poti nne na nane kwa ajili ya kazi hiihii, za slot ya ISA ya biti 8, na nina uhakika zipo kwenye mastoo ya watu huku nyanda za juu, misheni, viwanda vya chai Mufindi, vyuo vya zamani. Pia terminali halisi, Wyse au chochote chenye skrini na kibodi bila kompyuta ndani, hata kama skrini imefifia nitaishughulikia. Mwenye nayo Iringa, Njombe, Makambako au huku kwetu aniambie kwenye komenti, nafuata mwenyewe na hela nalipa. Mzee wa Tukuyu, ndaga fijo, mafaili yako ya mishahara nimeyachapa yote, nakuletea nikipanda tena.